Paka wa Nyumba Mbichi

Wanangu wamezoea maneno yangu mengi, lakini siku tulipokwenda kumzika Veronika niliwatisha. Tulikuwa tumekaa wanawake jikoni kwake, mwezi wa saba, baridi ya kuuma masikio, tunangoja maji ya chai yachemke. Paka wa nyumba ile, dume la rangi ya majivu, alikuwa amejikunyata kando ya mafiga upande ambao moto ulikuwa umefifia. Binti mmoja, sijui mjukuu wa nani, akachukua mwiko akawa anamsukuma atoke. Nikamfokea. Nilimfokea hasa, kwa sauti isiyofaa msibani: mwache paka wa watu aote moto, kakukosea nini? Binti akauweka mwiko chini. Mkwe wangu akanishika bega akawaambia wenzake, "Mama amechoka, hajalala tangu jana." Uongo mtupu. Nina miaka sitini na nane na usiku ule nililala vizuri kuliko yeye. Ila mtu pekee ambaye angejua kwa nini nimefoka alikuwa kwenye jeneza chumba cha pili, na pale pale nikatambua kwamba jambo lile sasa limebaki kichwani mwangu peke yangu. Nikifa nalo, basi tena. Nimeona heri niliseme, hata kama halinipambi.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini nilikuwa na miaka kumi na minane na ndoa ya miezi minne. Mume wangu, Pius, alilelewa na bibi yake, Bibi Kalunde, na alipooa hakumwacha. Mimi ndiye niliyeletwa kwao. Kwa desturi yetu mjukuu ni mume wa bibi yake, kwa hiyo tangu siku ya kwanza yule mwanamke aliniita mke mwenza. "Mke mwenzangu, umemlisha nini mume wetu mbona amekonda?" "Mke mwenzangu, leo zamu yako kuchota maji, kesho zamu yako, keshokutwa tutaangalia." Alikuwa mrefu, mwembamba, rozari shingoni na ugoro kwenye pindo la kanga, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa na paka mmoja dume, mweusi mwenye kifua cheupe, ambaye alimpa jina la Bwana Shamba. Alisema anafanana kazi na yule bwana shamba wa serikali: kila asubuhi anazunguka kihenge, anakagua, anatikisa kichwa, anaondoka bila kushika jembe. Nilikuwa nikicheka mpaka nakaa chini. Sasa nikikumbuka naona kwamba nilikuwa nampenda sana yule bibi, lakini nilimpenda kama mtu anavyopenda redio, nikisikiliza tu.

Tulitakiwa tutoke kule tulikokuwa tunaishi, kaya saba zilizotawanyika porini, twende kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Karema, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Jioni ya mwisho tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga nje ya jiko la Bibi. Nakumbuka chakula kile kwa sababu hakuna aliyekimaliza. Bibi alikuwa anamega tonge, analitazama, analirudisha. Mwisho akasema, "Nyie nendeni. Mimi nina nyumba."

"Bibi, nyumba tunaiezua kesho," Pius alisema. "Nyasi na nguzo zote zinakwenda kule."

"Basi nitakaa bila paa. Babu yenu anakaa bila paa mwaka wa tisa huu, hajalalamika."

Kaburi la babu lilikuwa nyuma ya jiko, hatua ishirini. Pius aliinamisha kichwa. Wote tulijua kitakachofuata mtu akibaki pale. Kaya saba zikiondoka, pori linarudi, na simba upande ule hawakuwa hadithi ya kutishia watoto. Mwaka mmoja kabla walimchukua ndama wa jirani mchana kweupe. Mwanamke wa umri wake, peke yake, bila paa, kwenye kipupwe, asingemaliza mwezi. Balozi wa nyumba kumi naye alikuwa ameshatuambia kwamba atakayerudi mahame atafuatwa, na safari hiyo watu wa serikali hawatakuja na maneno mazuri. Pius akamwambia yote hayo, taratibu, akiwa amepiga magoti. Bibi akamtazama paka aliyekuwa anaramba sahani ya dagaa, akacheka kicheko chake cha puani.

"Haya, tusigombane mbele ya chakula. Mimi na Bwana Shamba ndio wazee wa nyumba hii. Yeye akikubali kukaa huko kwenu, na mimi nitakaa. Akirudi, na mimi narudi, na mtu asinifuate."

"Umesema mbele ya mke wangu, Bibi. Ni shahidi."

"Mke wetu," Bibi alimsahihisha.

Alicheka kwa sababu alijua ameshinda. Kila mtu kwetu anajua kwamba mbwa ni wa mtu na paka ni wa nyumba. Mbwa utahama naye mpaka mwisho wa dunia. Paka ukimhamisha anarudi kwenye mafiga aliyozaliwa, hata kama wenyewe hawapo. Lakini wazee wanasema pia kwamba paka akifungiwa ndani ya nyumba mpya mpaka kuta zikauke, husahau. Usiku ule Pius aliniambia maneno ambayo nadhani hakuyapima. "Huyu paka asitoke hata pua. Mimi kutwa nitakuwa nafyatua matofali ya shule. Bibi yangu nimemkabidhi kwako." Miaka kumi na minane! Nikaitikia.

Paka alisafiri kwenye tenga lililofungwa kamba. Kwenye njia panda Pius alilizungusha tenga mara saba ili apoteze mwelekeo, na Bibi, aliyekuwa amesimama na fimbo yake, akamwambia, "Mzungushe mpaka kesho. Mtu anajua kwao."

Nyumba ile mpya bado naiona kuliko hii ninayoishi sasa hapa Kawajense. Vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye jiko, kuta za fito na udongo, na tuliingia siku ya tatu baada ya kukandika. Ukibonyeza ukuta kidole kinaacha shimo. Kijiji kilikuwa kimepangwa bondeni karibu na kijito, na baridi yote iliyoshuka kutoka milima ya Mwese ilikuja kukaa pale mpaka jua linapopanda. Asubuhi blanketi lilikuwa na unyevu kama limefuliwa. Chumvi ililia maji kwenye kopo. Harufu ya udongo mbichi iliingia mpaka kwenye uji. Nilikuwa nikiamka natazama pumzi zangu zinavyotoka na kusema moyoni, tumejenga kaburi lenye mlango. Mlango wenyewe ulitoka nyumba ya zamani na haukulingana na fremu, hivyo upande mmoja niliziba kwa gunia. Mwanya kati ya ukuta na paa nikaujaza nyasi. Dirisha Pius alilipigilia mbao. Yote hayo kwa ajili ya paka.

Na paka alikuwa anakufa kwa baridi. Wiki ya kwanza aliacha kula. Alikaa kwenye kona ya mlango akitetemeka, manyoya yamesimama, macho yanatoa maji, analia kwa sauti nyembamba. Kwao alizoea kulala nje juani mchana kutwa na kando ya jiko la majivu moto usiku. Huku jua halikuingia, na sakafu ilikuwa tope lililogandamana. Nikaanza kazi ambayo sikuwahi kusikia mwanamke yeyote wa kwetu akiifanya. Nilijaza tenga sufi na maganda ya mahindi, nikaliweka karibu na mafiga. Kila jioni nilipasha mawe matatu motoni, mawe ya kilimani, maana ya mtoni hupasuka, nikayatoa kwa koleo, nikayafunga kwenye vitambaa vya kanga yangu kuukuu na kumpangia, moja mgongoni, mawili tumboni. Alfajiri nikiamka kupika uji nayapasha tena. Nilimwekea karai la majivu ajisaidie na kulisafisha mwenyewe. Dagaa wachache tuliokuwa nao nilimsagia kwenye uji wa ulezi. Baridi ilipozidi nilimleta kitandani, na Pius aliyekuwa amerudi kutoka kwenye matofali hana hata nguvu ya kunawa akaniambia, "Tereza, sikuoa paka." Nikamwambia, "Ulinikabidhi." Akageukia ukutani.

Wanawake kisimani walipata la kuchekea. Waliniita mke wa Bwana Shamba, na Veronika, aliyejenga nyumba ya pili kutoka kwetu, akazidi wote, ana watoto watatu na kicheko kinachosikika ng'ambo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiniletea mawe mazuri akiyaona njiani, na ndiye peke yake niliyemweleza kiapo cha Bibi. Alipokisikia hakucheka. Alisema, "Mwenzangu, huo mzigo wangempa mwanamume."

Bibi yeye tulimpa chumba cha nyuma, kilichokandikwa mwisho, kwa sababu ndicho kilichokuwa kikubwa na heshima ni mkubwa apate kikubwa. Siku ya kwanza nilimwambia, "Bibi, si ulale hapa karibu na moto?" Akanijibu, "Mimi si paka." Basi. Tulimwambia mara moja, akakataa, na mimi ndani ya nafsi yangu nikashukuru, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mdogo na tenga lilikuwa limeshakaa. Tangu wiki ya pili akaanza kukohoa. Nilikisikia kile kikohozi kila jioni nikiwa nimechuchumaa nageuza mawe. Nilichemsha majani ya mkaratusi nikampa, siwezi kusema sikumpa. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye tenga.

Mchana mmoja nilikuwa nje nimeegemea ukuta wa nyuma, penye jua, nabangua karanga za mbegu. Kuta mbichi hazifichi kitu. Nikamsikia Bibi ndani anaongea, nikadhani anasali. Alikuwa anaongea na paka. "Vumilia mzee mwenzangu. Kifua hiki kikiachia tu, nitakufungulia mlango mimi mwenyewe. Watoto hawa hawajui. Tutakwenda polepole, wewe mbele mimi nyuma." Karanga zilinimwagika. Kumbe kilichokuwa kinamzuia si paka, si kiapo, ni kikohozi. Nitasema kitu ambacho sijamwambia hata padri. Jioni ile nilipiga magoti kusali na wenzangu, na nilichomwomba Mungu ni kwamba kifua cha Bibi kisipone haraka. Kisipone mpaka kuta zikauke.

Tangu siku hiyo nikawa adui wa kuta zile. Nilizipapasa asubuhi na jioni. Nje zilikuwa zinaanza kuwa nyeupe, ndani bado zilikuwa nyeusi. Nikaanza kuongeza moto. Badala ya vijiti viwili nikaweka magogo, na nikausogeza moto wenyewe karibu na ukuta wa mashariki ili joto lipige udongo na tenga kwa pamoja. Bibi aliniona, akasimama na fimbo yake.

"Mke mwenzangu, ukuta haukaushwi. Ukuta hukauka."

"Paka anaona baridi, Bibi."

"Ukiuharakisha utapasuka, utakuacha. Mimi nimekandika nyumba nne."

Nikasema ndiyo Bibi. Alipogeuka nikaweka gogo jingine. Wiki ya tano nyufa zikaanza, nyembamba, kama mistari ya kiganja, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi nikiona ni dalili za kukauka.

Jumapili moja Pius alikuwa ameondoka tangu Ijumaa na wanaume wengine kwenda kukata nguzo milimani. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito. Sisi tulitakiwa kwenda kwenye sala, chini ya banda la nyasi ambapo katekista alitusomea. Niliwaza paka atakavyokaa saa tatu peke yake bila mtu wa kugeuza mawe, nikajaza moto kuliko siku zote, magogo matatu ya miyombo, nikafunga mlango, nikabana gunia. Bibi alitembea na Veronika polepole wakati wa kurudi, akikohoa na kusimama, na mimi nikatangulia kuinjika ugali. Nilipofungua mlango nilikuta mwanga pasipostahili kuwa na mwanga. Bonge la ukuta wa mashariki, upana wa mlango wa banda la kuku, lilikuwa limeachana na fito na kuanguka ndani. Moto umefukiwa na udongo. Mawe yangu yamo tengani bado yana joto, yamefungwa vizuri. Paka hayupo.

 Niliita jina lile la kipuuzi, Bwana Shamba, Bwana Shamba, huku machozi yananitoka, nikazunguka nyumba, nikachungulia kihenge, hakuna. Kisha nikatoka mbio kuwakuta njiani, nikajikaza uso. Nikamwambia Bibi kuwa moto umezimika na moshi umejaa nyumba, apumzike kwanza kwa Veronika anywe uji. Nikamvuta Veronika pembeni. "Paka amekwenda. Asifike nyumbani mpaka nirudi. Nakuomba." Veronika alinitazama miguuni mpaka usoni. "Peke yako? Mahame?" Nikachukua tenga dogo lenye kifuniko na panga la Pius, nikaenda.

Njia ile niliipita mara moja tu, tukihama, na tulikuwa wengi. Sasa nyasi zilikuwa zimekauka na kunifika kifuani, zinagusana zinasema shaa, na kila shaa nageuka nyuma. Saa ya kwanza nilikimbia. Baada ya kijito kikubwa nikakuta kinyesi cha nyati kibichi katikati ya njia, nikaacha kukimbia, nikawa natembea na panga mbele kama mtu anayepita chumbani gizani. Sikuwa na mawazo ya kishujaa. Nilikuwa nikihesabu: Veronika ataweza kumshikilia mpaka saa ngapi? Uji unanywewa mara ngapi? Mbele ya kila kichaka nilimwambia Mungu kwamba ile sala yangu ya kifua naiondoa, naiondoa kabisa, anisamehe, anipe paka tu.

Nilifika jua likiwa utosini. Nyumba zote saba zilikuwa kuta tupu, na nyasi zimeanza kuota uani. Jiko la Bibi lilikuwa limebaki kuta tatu na mafiga. Na pale kati ya mafiga, kwenye majivu yaliyopoa siku nyingi lakini yanayopigwa na jua, amelala. Amejinyoosha marefu yake yote, tumbo juu. Wiki tano nilimwona amejikunja kama ngumi, na sasa amelala hivyo, hana paa, hana jiwe, hana mtu. Nilikaa chini nikamtazama. Ningekuwa na akili ningeelewa pale pale. Sikuelewa. Nilimkamata kwa ngozi ya shingo, akanikwaruza mkono huu wa kushoto, nikamtia tengani na kufunga kamba.

Nilimkuta Bibi kwenye kijito kikubwa. Amekaa juu ya gogo upande wa kijiji kipya, kifurushi mapajani, fimbo chini, anavuta pumzi kwa taabu. Veronika alikuwa ameshindwa. Nilisikia baadaye kwamba Bibi alikunywa uji nusu kikombe, akasema anakwenda haja, akapita nyumbani, akaona shimo. Mtu wa kifua kile alikuwa ametembea zaidi ya saa mbili. Tenga lilikuwa linalia mkononi mwangu.

"Umempata wapi?"

"Hapa hapa tu, Bibi, alikuwa anazunguka..."

"Kanga yako imejaa mashonanguo ya uani kwangu," alisema. "Usinidanganye, mke mwenza, umechoka mno kudanganya."

Nikatazama chini. Kweli, zile mbegu nyeusi zilikuwa zimenishika kuanzia pindo mpaka kiunoni. Nikakaa chini mchangani. "Alikuwa jikoni kwako. Kwenye mafiga."

"Unaona. Amekataa." Akashika fimbo ainuke. "Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa umeuwashia moto. Haya, nipishe."

Hapo ndipo kitu kiliponikatika. Nilimshika miguu, yote miwili, yenye vumbi, nikalia kwa sauti. "Amekataa, sawa. Paka nimeshindwa. Ni mimi ninayekuomba. Usiende, Bibi. Mimi siwezi kukaa kwenye nyumba ile bila wewe, nitacheka na nani, nani ataniita mke mwenza? Utakufa huko na mimi nitakuwa nimekuua. Nakuomba usiende."

Alirudi kukaa juu ya gogo. Kisha akasema, bila utani hata chembe, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake:

"Wiki tano. Wiki tano nalala kwenye kona ile, udongo unanilowesha mgongo, nasikia wewe na koleo lako mnageuza mawe. Siku ya kwanza nikasema, mke mwenzangu ni mtoto mwema, leo ataniletea jiwe. Hukuleta. Siku ya pili nikakohoa makusudi usikie. Ukampelekea paka. Baadaye sikuhitaji tena kukohoa makusudi, kikaja chenyewe."

"Bibi, nilikwambia ulale karibu na moto. Ukasema wewe si paka."

"Ukaniambia mara ngapi?"

Niliinua kidole kimoja.

"Mgeni wa njiani akikataa chakula, unamkaribisha mara ngapi? Mama yako hakukufundisha? Mara ya kwanza mtu anakataa kwa adabu. Mara ya pili anakataa kwa aibu. Ya tatu anasogea. Mimi nilikuwa naingoja ya pili." Akafuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Kila mtu anambembeleza paka ili mimi nikae. Hakuna aliyekuja kunibembeleza mimi. Hata mume wetu."

Nimesikia mambo mengi maishani, nimezika mume na watoto wawili, lakini hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Nilitaka ardhi inifunike. Nikasema tena nakuomba, kisha mara ya tatu, na si kwa ujanja wa kutimiza hesabu, ni kwa kuwa sikuwa na neno jingine. Bibi akalitazama tenga.

"Mfungulie. Yeye hakuapa kitu."

Nikafungua. Bwana Shamba akatoka, akajinyoosha, akatukagua wote wawili, akashika njia ya kwao bila kugeuka. Pius alimwona mara moja miezi miwili baadaye, juu ya ukuta wa mahame, amenenepa. Baada ya mvua hakuonekana tena. Bibi alimtazama mpaka nyasi zikamficha. Kisha akanipa kifurushi, akanipa na mkono. Tulipofika mahali pa mlima nilimbeba mgongoni, na alikuwa mwepesi kuliko debe la maji, nikaona aibu upya kwamba sikuwahi kujua uzito wake.

Tangu siku hiyo alilala kwenye kitanda chetu, upande wa moto, mimi ubavuni mwake, na mawe yote yakawa yake. Pius aliporudi na kukuta mkeka wake umetandikwa chini aliuliza kulikoni, na Bibi akamwambia wake zako wameelewana, shukuru Mungu. Alirudi kucheka. Lakini kifua hakikupona. Baridi ikaisha, joto la mwezi wa tisa likaja, kuta zikakauka mpaka ukigonga zinalia kama mbao, na yeye akazidi kupungua. Alasiri moja nilikuwa nampaka mafuta mgongoni, akasema, "Nilitaka nilazwe kwa babu yenu. Lakini nimefikiri. Kule nani atapita? Nilazeni hapa, kwenye njia ya kisima. Utakuwa unapita na ndoo, utanisalimia." Nikamwambia asiseme mambo hayo. Akasema, "Hiyo ni mara ya kwanza. Nitasema tena mara mbili." Na kweli alisema tena mara mbili.

Alifariki mwezi wa kumi. Wazee wa ukoo walikusanyika, wengi wakataka abebwe arudishwe mahame, wakisema Kalunde hakuwahi kukikubali kijiji, kila mtu anajua alivyokataa kuhama. Pius alikuwa analia tu. Mwanamke aliyeolewa juzi hasemi mbele ya wazee. Nilisimama nikiwa nimeshika mlango, nikasema Bibi aliniambia azikwe hapa, ameniambia mara tatu. Mzee mmoja akauliza, kwa dharau, kwa nini akwambie wewe. Veronika akajibu kutoka nyuma, "Kwa sababu ndiye aliyemwomba abaki." Wakatazamana. Ndilo lilikuwa kaburi la kwanza la kijiji kile.

Kesho yake nilichukua ndoo. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, mweusi, una alama za viganja vya watu. Nilisimama pale, nikashindwa nianze vipi, na nilikuwa na aibu kwamba kuna watu kisimani wananiona. Nikapita. Hatua chache mbele nikarudi, nikatua ndoo, nikasema shikamoo Bibi. Nikakaa nikingoja kidogo, kisha nikasema tena, na ya tatu.